Kidari cha Mzee Gunnar

Juzi Jumamosi tulimzika Elinami kule Brooklyn Park, pembeni mwa Minneapolis. Ardhi ilikuwa imeganda, wachimbaji wakaja na mashine, nasi tukabaki ndani ya magari, hita zikiunguruma, mpaka tulipopungiwa mkono kwamba tayari. Baadaye ukumbini kulikuwa na wali, kuku na soda, watoto waliozaliwa huku wakijibu Kiingereza kila walipoulizwa kwa Kiswahili, na kijana mmoja mwenye kipaza sauti aliyetaka kila mtu aseme neno moja tu la kumkumbuka marehemu. Zamu yangu ilipofika nikasema Elinami alikuwa mpole, mchapakazi, hana makuu na watu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Maneno hayo yanamfaa marehemu yeyote, na niliyasema kwa sababu nimekwisha kuwa mtu mzima na najua kwamba msibani hakuna anayetaka kusikia mambo yenyewe. Watu wanataka kula, kisha waondoke kabla theluji haijaanza. Kijana akanishukuru, akaniita bibi. Nilirudi kwangu nikavua viatu, nikakaa jikoni bila kuwasha taa, na mwaka wa tisini na sita ukanijia mzima mzima.

Sitaeleza nilivyofika Marekani. Kila mmoja wetu ana hadithi hiyo na zote zinafanana: kanisa, barua ya mwaliko, koti la kuazima. Itoshe kusema kwamba mwaka ule tulikuwa watatu katika ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, kusini mwa Minneapolis. Mimi na Aikande tulilala chumba kimoja, na Elinami, binamu yake, alilala sebuleni kwenye kochi ambalo miguu yake ilikuwa inaning'inia nje. Wao Wachagga, mimi Msambaa wa Lushoto, kwa hiyo utani haukuisha mle ndani. Mimi niliwaambia Mchagga akifa mtikisie sarafu sikioni, akiamka hajafa. Wao waliniambia Wasambaa tuna milima mizuri lakini tumeipandia kabichi. Jikoni kulikuwa na meza ya bati yenye viti vinne, na dirisha ambalo wakati wa baridi liliota barafu kwa ndani. Ugali wetu ulikuwa wa unga wa njano, mtamu-mtamu, usioshikana, na Elinami kila alipoumega alisema, "Haya, tule keki." Tulicheka kila mara. Siku hizi unga mweupe unauzwa kila kona, na sijasikia mtu akicheka juu ya ugali.

Chini yetu aliishi mwenye nyumba, Mzee Gunnar. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye masikio makubwa, na alikuwa amefundisha Kiswidi na lugha za kale za kaskazini katika chuo kimoja mjini mpaka wanafunzi walipokwisha. Joto la nyumba lilitoka kwenye tanuru la chini, likapanda kwetu kupitia matundu yenye wavu wa chuma sakafuni, na sauti nazo zilipita humo humo. Asubuhi tulimsikia akikohoa, akipasha kahawa, akiongea Kiswidi na mkewe aliyekwisha kufa. Yeye naye alitusikia sisi. Mara ya kwanza tulipogombana juu ya nani amalize kuosha vyombo, alikuja kubisha hodi akiwa na sabuni ya vyombo mkononi. Tuliona aibu, tukamkaribisha kula, na tangu siku hiyo kila Jumapili baada ya ibada alipanda kwetu. Alileta kahawa yake kwenye chupa. Aikande alizaliwa katikati ya mibuni, basi aliionja mara moja tu, akaniambia kwa Kiswahili huku akitabasamu kwa adabu, "Dada Rehema, haya ni maji yaliyopita jirani na kahawa."

Jumapili moja Aikande alipika mchuzi wa kidari cha ng'ombe, ile nyama ya kifua, kwa kuwa ndiyo nyama iliyokuwa rahisi dukani wakati ule, kabla Wamarekani wengine hawajagundua utamu wake. Mzee Gunnar alitia kipande kinywani, akafumba macho. "Hii kwetu ni *bringa*," akasema. Hapo ndipo tulipojua jambo lililokuwa limemtafuna miaka yote. Baba yake alikuwa mkata nyama kule South Saint Paul, enzi ambazo mifugo ilikuwa ikishushwa kutoka kwenye treni mchana kutwa. Mtoto alisomeshwa ili asishike kisu, naye alipokuwa msomi akaanza kuandika kitabu juu ya majina aliyoyatumia baba yake kwa vipande vya nyama. Kila jina alitaka kujua limetoka wapi. Mengine yalikuwa mepesi. Muundi wa mnyama, alisema, Waswidi wanauita *lägg*, na Waingereza walilipata neno lao la mguu kutoka kwa mabaharia wa kaskazini waliolisema hivyo hivyo zamani. "Hilo lina baba na mama," akasema. "Lakini *bringa* ni yatima. Wataalamu wamemsingizia baba watatu." Waairishi wana neno la kifua linalofanana nalo. Watu wa Wales wana neno la kilima. Wajerumani wa kaskazini wana neno la ukingo, pale ardhi inapoinuka kisha ikakatika, na neno hilo Waingereza wanalo mpaka leo. Je, haya yote ni ndugu? Vitabu vinasema labda. Mzee Gunnar alilichukia neno labda. Alikuwa amefika ukurasa wa *bringa* akakwama hapo, mkewe akaugua, mkewe akafa, na yeye bado yuko ukurasa ule ule, maana hakuwa mtu wa kuandika asilolijua.

"Na nyinyi mnaiitaje?" akauliza.

"Kidari," akasema Elinami. "Na kwetu hakiliwi ovyo. Kukiwa na jambo zito, mnyama anachinjwa, kidari kinawekwa mbele ya mkubwa wa ukoo. Anakula. Akimaliza kula anasema, na akisema, limekwisha."

"Neno kidari linatoka wapi?"

Hakuna aliyejua, na hakuna aliyewahi kujiuliza. Elinami akafuta mdomo. "Mzee, sisi hatuulizi kimetoka wapi. Tunauliza kinakwenda kwa nani."

Mzee Gunnar alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi nimpigepige mgongoni. Nakumbuka mwanga wa jikoni siku ile, na Aikande akikwangua ukoko wa ugali kwa kijiko. Nikitafuta siku ambayo sote wanne tulikuwa na furaha, naikuta hiyo, na siikuti nyingine.

Habari zilikuja mwezi wa pili, katikati ya ile baridi ambayo pua huganda kwa ndani ukivuta pumzi. Aikande ndiye aliyepokea simu. Elinami alikuwa kazini Bloomington, katika chumba cha kufulia cha hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, na alipoingia mlangoni akiwa bado na barafu kwenye kope, Aikande alikuwa amekaa sakafuni karibu na simu. "Kaka," akamwambia, "baba mkubwa ametutoka." Elinami akavua glavu moja. Ile nyingine akaisahau mkononi muda wote aliokuwa akilia.

Jioni baba yake mdogo akapiga tena. Watu wa nyumbani enzi zile walipiga kelele kwenye simu, kwa hiyo sote tulisikia. Elinami akaamkia, akaitikiwa.

"Baba yako tumemweka mochwari Moshi. Tunakusubiri wewe."

"Baba mdogo, nikitoka huku sirudi. Karatasi zangu zimekwisha."

"Karatasi gani?"

"Za kukaa. Niliacha chuo ili nifanye kazi. Nikipanda ndege, mlango umefungwa. Na hawa wadogo zangu wako shuleni."

Ilikuwa kweli. Wadogo zake watatu walisoma kwa mshahara ule wa kufua mashuka ya watu, na baba mdogo alilijua hilo kuliko sisi. "Wewe ndiye wa kwanza," akasema. "Udongo wa kwanza ni wako. Mimi siwezi kukuambia usije, na wewe huwezi kujiambia. Mtoto hajisemei mbele ya baba yake. Huko hakuna mkubwa? Mtafute. Mchinjie, ale kidari, aseme. Akisema uje, utakuja. Akisema ukae, nitaichukua kauli yake niiweke mbele ya ukoo. Lakini lazima iwe kauli ya mkubwa."

Mimi si mtu wa mila hizo, na sijui kama ndivyo ilivyo mlima mzima au ni kwa ukoo wao tu. Ninachojua ni kwamba Elinami alipoweka simu chini, uso wake ulikuwa umepata nafuu kidogo. Alikuwa amepewa la kufanya. Kikao kikaanza pale pale jikoni: mkubwa ni nani? Aikande akamtaja mchungaji wetu. "Mchungaji ni mdogo kwangu," Elinami akasema. Nikamtaja mzee mmoja wa Rochester. "Huyo Mpare," wakasema wote wawili kwa pamoja, na hata katika msiba ule Aikande akacheka kidogo kisha akajiziba mdomo. Wachagga wote tuliowajua mjini walikuwa vijana, wanafunzi na wafagiaji na wauguzi, wote kama sisi. Tukawa hatuna wa kumtaja tena. Ndipo mtu akakohoa chini ya miguu yetu, na sote watatu tukalitazama tundu la joto.

Alipanda mwenyewe bila kuitwa. "Nyumba hii haina siri," akasema. "Nimeelewa kwamba mtu amefariki, maana kilio hakina lugha." Elinami akamweka kitini, akamweleza yote kwa Kiingereza, taratibu, kama anavyofundishwa mgeni: baba, udongo, karatasi, wadogo zake, kidari. Mzee Gunnar alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Aliuliza maswali mazuri. Je, kidari kinachomwa au kinachemshwa? Je, mkubwa anakula peke yake? Mwishoni akasema ni heshima ambayo hajawahi kupewa na mtu yeyote, na kwamba atakuja. Mimi nilimtazama nikafikiri, ameelewa. Nilivyomfahamu baadaye, nadhani alielewa kila kitu isipokuwa kwamba jambo lile lilikuwa likitokea kweli.

Kesho yake alituendesha kwa gari lake mpaka shamba moja mbele ya Shakopee, kwa mkulima aliyekuwa akiwauzia mbuzi watu wa Afrika na kuwaachia wachinje wenyewe kwenye banda lake. Elinami akachinja. Damu ikamwagika juu ya theluji, na mkulima, mtu mwekundu asiyesema, akasogea pembeni akavua kofia alipoambiwa kuna msiba. Jikoni kwetu tulipoanza kukata, kisu kilimponyoka Elinami mara mbili. Mzee Gunnar akakunja mikono ya shati. "Niachie," akasema, na akakitoa kidari chote kwa mikato michache, safi, bila kusaga mfupa hata mmoja. Alikuwa mtoto wa mkata nyama, na mikono yake ilikuwa haijasahau. Alifurahi kama mtoto. Aikande akanivuta pembeni. "Anayekula hakati," akaninong'oneza. "Dada, anayekula hatakiwi kukata."

"Mwambie basi."

"Nitamwambiaje sasa? Ameshakata."

Tulikichemsha kwa chumvi tu. Elinami alivaa suti yake ya pekee, ile aliyokuja nayo. Tulitandika shuka jeupe kwenye meza ya bati, tukaweka kidari mbele ya Mzee Gunnar kwenye sinia la bati la kuokea, kwa kuwa sahani haikutosha, na sisi watatu tukasimama ukutani. Nje theluji ilikuwa inaanguka kimya kimya, na mwanga wa mchana ulikuwa wa kijivu, wa kuchosha macho. Alikula polepole, kwa heshima, bila kuongea. Alikula kipande kikubwa kuliko nilivyodhani mzee anaweza. Kisha akajifuta midomo, akasimama, akashika mgongo wa kiti, na macho yake yalikuwa na machozi.

"Sikulala," akasema. "Nilikuwa najiuliza nitawapa nini, nyinyi mlionipa hiki. Nimepata. Miaka yote nimekuwa nikikataa kuchagua mmoja kati ya wale baba watatu. Lakini leo nilipokishika kile kifua mkononi, nikaona. Ni neno moja. Waliolisema kwanza walimwona mnyama amesimama mbele yao, kifua kimetokeza mbele, wakakiita kwa jina la mahali ardhi inapoinuka kisha ikakatika. Kidari ni ukingo wa kilima. Sisemi labda. Nasema ndivyo." Akaketi.

Tulingoja. Tanuru la chini liliunguruma, likazimika. Elinami alikuwa amesimama mikono mbele, kichwa chini, kama mtu anayesubiri kubarikiwa. Mzee Gunnar akatutazama mmoja mmoja, akaanza kuona kwamba kuna kitu bado.

"Mzee," Aikande akasema kwa sauti ndogo, "mwambie aende au abaki."

"Nani?"

"Elinami. Umekula. Sasa unasema aende au abaki."

Naweza kuuchora uso wake hata leo. Ulipauka, masikio yale makubwa yakabaki mekundu peke yake. "Hapana," akasema. "Hapana, wanangu. Hilo mimi siwezi. Mimi si baba yenu. Siijui nchi yenu, simjui marehemu. Nikisema neno kama hilo bila kulijua, nitakuwa mwongo."

"Sema lolote," Elinami akasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akimwomba mtu. "Mzee wangu, sema lolote. Nitalifuata."

"Siwezi kusema nisilolijua."

Nilimchukia kwa muda ule, nasema wazi. Mtu ameshiba kidari, amekata mwenyewe, amepata neno lake alilolitafuta maisha mazima, na aliyempa neno hilo anaomba tone moja tu la uongo mtakatifu, naye anakunja mikono. Leo simchukii. Watu wa namna ile ni wachache na huwa wanawaumiza wenzao hivyo hivyo, kwa mikono safi. Alishuka ngazi akishikilia ukuta. Tukamsikia chini akikaa, na hatukumsikia akisema Kiswidi siku ile wala iliyofuata.

Aikande alikuwa na akili ya haraka. "Kaka, piga simu useme mzee amesema ubaki. Nani atajua?" Elinami akatikisa kichwa. Nikamwunga mkono Aikande, nikasema hata Mungu angesinzia kwa hilo. Akasema, "Dada Rehema, kidari hakiliwi mara mbili kwa jambo moja. Alichokisema ndicho alichokisema." Akachukua kadi ya simu iliyokuwa kwenye rafu, ile tuliyokuwa tukiitumia tangu jana kuwapigia ndugu, akabonyeza namba moja moja. Simu ikaita muda mrefu. Baba mdogo akapokea, nyuma yake kukiwa na sauti za watu wengi, matanga yamekwisha kujaa.

"Mkubwa amesema nini?"

"Amesema kidari ni ukingo wa kilima."

Nilidhani simu imekatika. Kisha sauti ile ya kelele ikarudi, mara hii chini, ya mtu anayefikiri. "Ukingo wa kilima."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Haya. Basi kaa huko," akasema, na alikuwa bado anavuta pumzi ya kuendelea wakati yule mwanamke wa kwenye kadi alipoingia katikati kwa Kiingereza chake kizuri kutuarifu kwamba salio limekwisha. Elinami akasimama na mkono wa simu sikioni, ukilia tuu, tuu. Aikande alikuwa tayari amevaa buti ili akimbilie dukani kununua kadi nyingine.

"Usiende," Elinami akamwambia. "Amemaliza."

"Hajamaliza! Amekatwa!"

"Amesema nikae huku ukingoni. Ameniondoa katika ukoo." Akavua koti la suti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kochi. "Ni haki yake."

Aikande alikwenda hata hivyo, akarudi na kadi, lakini Elinami alikaa juu ya ile simu, kwa maana halisi ya kukaa, ameiweka chini ya mapaja yake, mpaka tulipochoka kumsihi. Walimzika baba yake bila yeye. Nyama iliyobaki tuliigawa kwa watu wa kanisani, hakuna kati yetu aliyeila.

Mwaka ule uliobaki nauona vipande vipande. Mzee Gunnar hakupanda tena Jumapili. Kwenye ngazi alitusalimu akitazama viatu vyetu, na alipouza nyumba na kuhamia kwa binti yake kaskazini, alituaga kwa kutuachia sufuria zake zote mlangoni. Kitabu hakikutoka. Binti yake alitwambia, alipokuja kufagia, kwamba baba yake alikuwa ameurarua ukurasa wa lile neno na hataki kuulizwa. Aikande akaolewa Texas. Mimi nikapata kazi ya muuguzi msaidizi, nikapata mume, nikampoteza, mambo ya kawaida. Elinami akabaki. Baada ya miaka kadhaa akashinda grini kadi kwenye bahati nasibu, tukapiga vigelegele, tukamwambia, haya sasa, panda ndege. Akasema, "Kwenda wapi? Mimi niliambiwa nikae." Wadogo zake wakamaliza shule kwa jasho lake, wakamwandikia kumshukuru, akawa anajibu kwa kutuma tena. Simu za baba mdogo hakuzipokea, na zao alipokea kwa kifupi: hamjambo, msome, Mungu awabariki. Na kila Desemba, Wachagga wa mji huu na jirani zake wanapokwenda nyumbani kuhesabiwa, Elinami ndiye aliyekuwa akiwapeleka uwanja wa ndege. Alikuwa na gari kubwa la mizigo. Aliwabebea masanduku mpaka kwenye mlango wa kioo, akawapungia mkono, kisha akarudi Brooklyn Park peke yake kwenye barafu. Niliwahi kukaa naye mbele safari moja ya kurudi. Nilitaka kumwambia kwamba ule haukuwa ukoo, ilikuwa kadi ya simu. Lakini mtu aliyejihukumu miaka yote hiyo, ukimwambia hakimu hakuwapo, unamwachia nini?

Jana nilimpigia simu mdogo wake wa mwisho, Godlisten, anayekaa kwenye kihamba cha baba yao, lile shamba la ukoo. Siku hizi unamwona mtu uso kwa uso, hakuna kadi. Ana mvi. Nilimpa pole, nikamweleza tulivyomzika, nani alikuja, nani alisali. Alilia, nikamwacha alie. Kisha nikajikaza nikamwuliza, kwa njia ya mzunguko, kama baba mdogo aliwahi kusema lolote juu ya Elinami kutokuja kwenye mazishi yale.

"Si alisema pale pale kaburini," Godlisten akajibu, akifuta macho. "Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Alisimama akasema, kaka yenu mkubwa ameruhusiwa. Mkubwa wa huko amemweka kwenye ukingo wa kilima, kutoka pale anatuona sote, kwa hiyo yupo. Akachukua udongo mara mbili, wake na wa kaka. Akasema mtu yeyote asije kumdai Elinami jambo hili maisha yake yote. Na hakuna aliyemdai, dada. Hata mmoja. Tulikuwa tukimngoja tu. Mama mpaka anakufa alikuwa akimtandikia kitanda kila Desemba."

Nikageuza simu ili asinione, nikamwambia mtandao unasumbua.

"Dada Rehema, wewe ulikaa naye," akasema. "Hivi ni nini hasa kilichomzuia?"

Nikamwambia ni kazi. Kazi za huku haziishi, nikasema. Akaguna, akasema ndivyo hata wao walivyokuwa wakiwaambia watoto.